Bi Kamera anajibu: Kikamera cha mkobani

Mwezi uliopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba nikienda Pangani picha napiga kwa kikamera changu cha mkobani, simu naiacha ilale. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za lenzi za mamilioni. Kumbe vikamera hivi vimejaa makabatini: vingine vya urithi, vingine vimeletwa na ndugu wa Ulaya, vingine vimeokotwa mnadani. Basi mwezi huu ni wenu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nimepiga picha Tanga tangu enzi za filamu, kwenye studio moja ya Ngamiani, na kikamera ninachokisema ni Canon PowerShot A480 ya mwaka 2009. Megapikseli 10, betri mbili za AA, nyekundu iliyochubuka pembeni. Nilikinunua mtumba na sijawahi kukionea haya.

*Shikamoo Bi Kamera. Nimeuziwa kamera ndogo ya megapikseli 10 kwa shilingi 40,000. Mpwa wangu kanicheka mpaka kakaa chini, maana simu yake ina megapikseli 50. Je, nimeliwa? – Mwalimu, Handeni*

Marahaba mwalimu. Hujaliwa. Chukua kalamu tupige hesabu, wewe ndiyo kazi yako. Picha ya albamu ya kawaida ni inchi 4 kwa 6. Mashine ya kuchapa picha ikifanya kazi vizuri huweka nukta 300 kwenye kila inchi. Kwa hiyo unahitaji nukta 1200 upande mmoja na 1800 upande wa pili, jumla 2,160,000. Hizo ni megapikseli 2 na chenji. Wewe unazo 10. Akiba iliyobaki inakutosha hata kukata picha ukamtoa yule mjomba aliyejipenyeza pembeni na sahani yake.

Sasa nisikudanganye ili ufurahi. Jua likizama, simu ya mpwa wako itakushinda, na itakushinda vibaya. Ndani ya kikamera chako kile kipande kinachopokea mwanga ni kidogo sana, kama milimita 6 kwa 4 na nusu hivi, ukucha wa mtoto. Simu yake pengine nayo haina kikubwa cha kujivunia, lakini ina akili ya kompyuta: unabonyeza mara moja, yenyewe inapiga picha kadhaa harakaharaka na kuziunganisha. Kikamera kinapiga moja, kilichopata ndicho hicho. Ukikilazimisha gizani kitapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, mpaka 800 au 1600 na picha itatoka kama imenyunyiziwa pumba. Mimi changu sikivushi ISO 400. Pakiwa kiza zaidi ya hapo, nawasha flashi au naweka kamera chini nakula zangu.

Mchana ni habari nyingine. Lenzi yako inatoka nje, na zumu yake ni ya kioo cha kweli. Changu kinavuta mara 3.3, si nyingi, lakini mtoto anayesoma shairi mbele ya gwaride namfikia bila kwenda kumsimamia puani. Ila ingia kwenye menyu uizime ile zumu ya pili, ya kidijitali. Ile haivuti kitu, inachana kipande cha picha na kukitanua kama chapati iliyokosa unga.

Flashi pia usiidharau. Taa ya simu ni tochi, flashi ya kamera ni radi: inamulika kwa kipande kidogo mno cha sekunde, ndiyo maana watoto wanaoruka kamba jioni wanaganda hewani, miguu imekunjwa, vumbi limesimama. Lakini radi hiyo inafika kama mita 3 tu. Nawaonaga watu wamekaa jukwaani uwanja wa mpira usiku, wanapiga flashi kumulika goli la upande wa pili. Wanamulika visogo vya watu wa mbele.

Na kuna jambo mpwa wako hatalielewa mpaka azeeke: kamera haipigiwi simu. Hakuna ujumbe unaoingia katikati ya picha. Unaweza kumpa mwanafunzi wa darasa la tatu akazunguka nayo shule nzima, na hutakuta salio lako limeishia Kongo. Mimi nilimpa mjukuu wangu wa miaka sita asubuhi moja. Alinirudishia picha 140. Nyingi mbuzi, nyingi magoti yake mwenyewe. Katikati ya magoti nikakuta moja ya bibi yake mkubwa anasukuma chapati, imepigwa kutoka chini, usawa wa kibao: mikono mikubwa kama makasia, unga umeganda kwenye pete, uso uko juu huko na moshi. Miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuinama hapo.

*Bi Kamera, naweka betri mpya, napiga picha kumi, kamera inaniambia betri zimekwisha. Fundi kasema kamera imekufa. – Dereva, Korogwe*

Kamera yako haijafa, ina njaa. Nina hakika umeiwekea betri za bei ya chini, zile za kaboni tunazotia kwenye redio na tochi. Redio inakunywa kidogo kidogo kama mtu mwenye kahawa ya moto. Kamera inapiga funda: lenzi itoke, kioo kiwake, flashi ijae, vyote kwa mkupuo. Betri ya kaboni haina kifua cha kutoa umeme kwa kasi hiyo, nguvu inaanguka, na kamera inaamini betri zimekwisha. Hazijaisha. Zichukue uziweke kwenye saa ya ukutani, utaona. Saa ya jikoni kwangu inaishi kwa makombo ya kamera.

Betri za alkalini zitakusogeza. Lakini dawa yenyewe ni betri za kuchaji za AA, zilizoandikwa NiMH. Utaona zimeandikwa volti 1.2 wakati za kawaida zimeandikwa 1.5, usitishike. Yule wa 1.5 anaanza na kelele kisha anaishiwa pumzi, huyu wa 1.2 anakwenda mwendo uleule mpaka karibu na mwisho. Tafuta zile zinazotunza chaji zikiwa zimekaa. Za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 2005 na Sanyo, kwa jina la Eneloop, na sasa kampuni nyingi zinatengeneza. Za aina ya zamani ukiziacha droo mwezi mzima unakuta zimejinywea zenyewe.

Nunua nne, na usizichanganye. Betri moja iliyochoka nusu ikiwekwa na mwenzake aliyeshiba, wote wawili wanaharibikiwa. Zangu nimezipaka rangi ya kucha: pea nyekundu na pea ya zambarau. Ziko pamoja tangu siku ya kwanza, zinachajiwa pamoja, zinachoka pamoja. Ndoa ya namna hiyo ni adimu. Na kamera ikikaa bila kazi, zitoe. Betri ikivuja inakula vyuma vya ndani, unakuta ukoko mweupe au wa kijani. Ukoko mdogo wa betri za alkalini unafutika kwa kitambaa chenye tone la siki, kisha kikavu. Ule uliokwisha kula chuma, ndipo useme kamera imekufa.

*Kamera inaandika kwamba kadi imefungwa. Fundi anataka 15,000 kuifungua. – Msomaji, Muheza*

Toa kadi. Ubavuni ina kiswichi kidogo mithili ya punje ya mchele. Kisukume juu, upande wa vyuma vya kadi. Rudisha. Hiyo 15,000 nunua kadi nyingine, na ikiwa kamera yako ni ya zamani usinunue ya GB 64 ukidhani umelamba dume, haitaisoma. Ya GB 4 au 8 inatosha harusi mbili, mradi kamera si ya kabla ya mwaka 2006. Kama ni ya kabla ya hapo, mara nyingi mwisho wake ni GB 2.

*Nikitoka nayo nje ya nyumba, picha zote zina ukungu kama nimepiga ndani ya hamamu. Nimefuta lenzi wee. – Mzaliwa wa Tanga, Muscat*

Usifute! Unapaka. Huo ni mvuke: kamera imelala kwenye kiyoyozi imekuwa baridi, unaitoa ghafla kwenye joto la unyevu la Muscat ya kiangazi, hewa inalia juu yake kama inavyolia juu ya chupa ya soda. Itie kwenye mfuko wa nailoni ukiwa bado ndani, ufunge, toka nayo, iache nusu saa ipate joto polepole. Mvuke utashika mfuko, lenzi itabaki salama. Huku kwetu balaa letu si kiyoyozi, ni kabati. Kamera ikifungiwa kwenye kabati la pwani miezi sita inaota kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, na kuifungua ni gharama kuliko kamera. Iache mahali penye hewa na uitumie. Na ukija likizo, ufukweni ivae mkanda mkononi na uizime ukiwa umekaa mchangani: chembe moja ikiingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi, utasikia inasaga meno.

*Bi Kamera, nilipiga picha harusi ya kaka yangu. Kanzu nyeupe, ukuta mweupe, na sisi ni weusi wa Kilwa hasa. Kanzu imetoka rangi ya majivu na uso wa kaka hauonekani ila meno. Kosa langu au la kamera? – Binti, Kilwa Masoko*

Mwanangu, barua yako ndiyo iliyonifanya nichelewe kulala.

Fanya jaribio hili nyumbani. Tandika shuka jeupe, lijae kwenye kioo chote, piga. Kisha tandika baibui jeusi, nalo lijae, piga. Ziangalie mbilimbili. Zote zitatoka kijivu, zinakaribiana kama ndugu. Kamera haijui shuka wala baibui. Yenyewe imefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni kijivu. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaubana. Ikiona weusi mwingi inadhani kiza kimeingia, inafungua. Sasa siku ya harusi uliipa ukuta mweupe, kanzu nyeupe, na katikati uso mmoja wa kaka, kitu kidogo kama kokwa. Ikaubana mwanga kwa ajili ya ukuta, na uso ukalipa deni.

Wa kubadilisha ni wewe. Toka kwenye AUTO, nenda kwenye P, tafuta alama ya jumlisha na toa, ile ya kuongeza na kupunguza mwanga wa picha. Inapanda kwa theluthi, mpaka 2 juu na 2 chini. Kwa kanzu kwenye ukuta mweupe mimi naanza na theluthi mbili juu, naangalia kioo, nikiona uso bado umenuna napandisha mpaka 1. Kanzu ikianza kupoteza mikunjo yake, darizi ya kifuani haionekani tena, umezidisha, rudi hatua moja. Tazama darizi, ndiyo kipimo changu. Na ukimaliza rudisha sifuri! Nimewahi kuisahau juu, kesho yake nikapiga kivuko cha Pangani, maji yakatoka meupe kama tui.

La pili, msogeze. Mtu akiwa ametoa mgongo dirishani, hakuna kitufe kitakachomsaidia. Mgeuze uso uelekee mlangoni, mwanga umpate kwa ubavu, utaona ngozi nyeusi inavyong'aa: paji la uso, shavu, ncha ya pua. Ngozi yetu haihitaji kumwagiwa mwanga, inahitaji kupewa pahali pa kuurudisha. Nje chini ya mwembe saa sita mchana washa flashi, hata kama jua linachoma na wenzio wanakucheka. Inaingia kwenye matundu ya macho.

La tatu, bonyeza kitufe nusu kwanza, usubiri ule mlio na kile kiboksi cha kijani juu ya uso, ndipo ukandamize. Vikamera hivi ni vizito vya kufikiri. Anayekandamiza mara moja anapata picha ya kilichotokea baadaye.

Unauliza kosa la nani. Studio yetu ilipokuwa ikisafisha filamu za rangi, karatasi za kupimia rangi zilikuja na picha ya mwanamke wa Kizungu. Mashine ikimtoa yeye vizuri, tukaambiwa imenyooka. Kisha tukaanza kuchapa harusi za Ngamiani, na kila picha tunairekebisha kwa mkono. Nilifanya hivyo miaka, nikidhani ndiyo kazi ilivyo.

*Picha zangu zote zina tarehe 1/1, na imechapwa kwa rangi ya machungwa juu ya uso wa mtoto. – Baba Pacha, Tanga*

Betri zilikaa nje muda mrefu, saa ya ndani ikasahau. Panga upya. Na ile ya kuchapa tarehe juu ya picha izime. Tarehe inaandikwa ndani ya faili hata usipoiona, hakuna haja ya kumwandika mtoto shavuni. Zilizokwisha kuandikwa ndiyo basi.

*Bi Kamera, mwanangu kabonyeza "futa zote". Mle kwenye kadi mlikuwa na picha za marehemu mama yangu, Idi yake ya mwisho. Sijui nifanye nini. – Msomaji, Mombasa*

Pole sana mwanangu. Kama bado hujafanya hivi, fanya kabla hujamaliza kusoma: zima kamera, toa kadi, iweke mahali asipoifikia mtu. Usipige picha hata moja, hata ya kujaribu.

Kamera ikifuta, kwa kawaida haifuti picha. Chukulia kitabu: imechana ukurasa wa yaliyomo, lakini kurasa zenyewe zipo, ila zimehesabiwa kuwa nafasi tupu. Picha mpya ikija ndiyo inaandikwa juu yake, na hapo imekwenda kweli. Tafuta mtu mwenye kompyuta na kisoma kadi. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec. Yenyewe haihangaiki na majina ya faili, inapekua kadi nzima ikitafuta alama ambazo kila picha huanza nazo. Iambie ihifadhi inachopata kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile. Majina yatapotea, mpangilio utapotea, utakuta na picha za miaka ya nyuma ulizozifuta mwenyewe zimefufuka. Usishtuke. Zipitie moja moja.

Ukimpata mama, siku hiyohiyo kachapishe. Peleka faili lenyewe kwenye fleshi. Ukilituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida linabanwa njiani. Ikibidi, litume kama hati. Nami niandikie.

*Kwetu kwenye sherehe za ndani sasa simu zinaachwa mlangoni kwenye kapu. Biharusi anataka kumbukumbu, wageni hawataki. Kikamera changu wataniruhusu? – Dada wa biharusi, Tanga*

Hii ndiyo kazi iliyonilea. Zamani wanaume hawaingii, na wapiga picha wa kike tulikuwa wa kuhesabika. Nikipiga filamu ukumbini nasafisha mwenyewe usiku, mlango nimefunga, maana yule kijana wa chumba cha giza naye ana macho. Ilipokuja simu kila mtu akawa mpiga picha, na picha ya mgeni aliyevua mtandio kucheza ikamfikia mumewe kabla mwenyewe hajamaliza pilau. Kapu la mlangoni halikuja bure.

Kikamera kisicho na laini wala intaneti kinakubalika, lakini usikiingize kimyakimya. Kwanza hakikisha hakina Wi-Fi, maana vingine vya karibuni vinayo, ikiwepo, zima. Kisha mwombe somo, yule kungwi wa biharusi, akitangaze, akinyanyue juu wote wakione, aseme: kamera ni hii moja, kadi ni hii moja, asiyetaka akae upande ule. Wewe usielekeze lenzi upande ule hata kwa bahati mbaya. Kaa mbele, ndani ya mita 3 za flashi, uwe na betri za akiba.

Jambo la mwisho ni kadi. Juzi Chumbageni shughuli ilipoisha somo aliifunga kwenye pindo la leso akaondoka nayo. Kesho yake tukakaa watatu mbele ya laptopu yangu, ambayo intaneti nilikuwa nimeizima, biharusi anasema hii baki, hii toa, shangazi huyu hapana, miguu ya huyu ndiyo lakini uso hapana. Zikabaki 61, tukazichapa zote palepale sebuleni kwa printa yangu ndogo, hazikupita dukani. Akanishukuru, akanirudishia kadi tupu.

Sikuipokea. Umekwisha kusoma jibu la msomaji wa Mombasa hapo juu, unajua kilichofutwa kinavyofufuka. Kadi huwa namwachia biharusi, bei yake naiweka kwenye hesabu tangu siku ya makubaliano. Akaichukua, akamwomba mama yake nyundo.